Akiba ya mwalimu Thailand: ibaki kwa baht, iende nyumbani au inunuliwe dhahabu?

Dada mmoja Mtanzania anayefundisha Kiingereza shule binafsi huko Chonburi kaniuliza hivi, nafupisha. Mshahara wake baht 42,000 kwa mwezi, akishalipa chumba, chakula na nauli anabakiza kama 15,000, na mpaka sasa ana baht 380,000 zimelala tu kwenye akaunti ya kawaida ya benki ya hukohuko. Anataka kuanza kujenga Kibaha ndani ya miaka miwili mitatu ila hajaamua kama atarudi moja kwa moja au ataendelea na kazi. Kila mtu anamwambia lake: mmoja anamwambia nunua dhahabu, mwingine badili dola, mwalimu mwenzake Mzungu kamuunganisha na mshauri wa uwekezaji wa nje, na shangazi yake anasema tuma zote nyumbani zikae hatifungani, yaani uikopeshe Serikali ikulipe riba. Anauliza ziwekwe wapi.

Dada yangu, kwanza hongera. Kubakiza 15,000 kwenye 42,000 ni zaidi ya theluthi ya mshahara, na nawajua watu wanaolipwa mara mbili yako Bangkok hawafiki hapo, kwa hiyo kazi ngumu umeshaifanya, iliyobaki ni kuilinda. Ntakujibu kwa urefu kidogo manake jambo hili majibu ya mkato ndo yanayowapoteza watu.

Ukiangalia vizuri, wote waliokushauri wameanza na kitu cha kununua, hamna hata mmoja aliyekuuliza hela hii utaitumia wapi na lini. Mi naanzia hapo. Hela utakayoila Thailand ikae Thailand kwa baht, hela ya nondo na simenti za Kibaha mwishowe lazima iwe shilingi, na ile ambayo hujui utaitumia wapi ndo tunaweza kukaa chini tukaongelea dola na dhahabu. Mambo ya riba yanakuja nyuma kabisa, na tuseme ukweli kwa kiasi chako cha hela riba ya Thailand haitakutajirisha wala kukufilisi.

Tupige hesabu uone. Akaunti ya akiba ya kawaida kwenye benki kubwa za Thailand inalipa kama asilimia 0.25 kwa mwaka, yaani kwenye baht 380,000 unapata 950 mwaka mzima. Ukihamishia akaunti ya muda maalum ukapata tuseme asilimia 1, inakuwa 3,800. Tofauti ni 2,850 kabla ya kodi. Sasa chukua upande wa pili, tuseme kila mwezi unatuma zile 15,000 nyumbani kupitia njia ambayo bei wanayokupa iko chini ya bei ya soko kwa asilimia 3 tu, hapo unaacha baht 450 njiani kila mwezi, kwa mwaka 5,400. Umeona? Uzembe mdogo kwenye kutuma hela unakula karibu mara mbili ya faida yote ya kuhangaika na riba. Na huyo mtumaji atakuandikia kabisa kwamba ada ni sifuri. Wewe usiulize ada, uliza nikitoa baht 15,000 mkononi mwangu zinafika shilingi ngapi upande wa pili, linganisha njia tatu nne siku hiyohiyo, basi. Na usitume vidogovidogo kila mwezi kama ada yao ni ya mkupuo, kusanya miezi mitatu utume mara moja.

Riba yenyewe pia usitegemee itapanda. Benki Kuu ya Thailand iliipandisha riba yake mpaka asilimia 2.50 Septemba 2023, kuanzia Oktoba 2024 ikaanza kuikata, na Agosti 2025 ilikuwa imeshuka mpaka 1.50, na benki za biashara zikiona hivo na wao wanashusha za wateja. Kwa hiyo mtu akikuahidi asilimia 8 au 10 kwa mwaka kwa baht, tena bila hatari yoyote, muogope.

Usalama sasa. Watu wengi wanaogopa benki za ugenini bila sababu af wanaamini vitu vya hatari zaidi. Thailand ilipigwa vibaya mwaka 1997, tarehe 2 Julai waliiachia baht ielee, ilikuwa kama 25 kwa dola na Januari 1998 ilikuwa imeshapita 50, makampuni ya fedha 56 yakafungwa moja kwa moja mwisho wa mwaka ule. Baada ya hapo wakawa wakali sana kwenye kusimamia benki, na tangu 2008 kuna sheria ya Wakala wa Kulinda Amana. Kinga ya sasa, toka Agosti 2021, ni baht milioni 1 kwa kila mtu kwa kila benki. Zako 380,000 ziko ndani kabisa ya kinga hata zikikaa benki moja. Mgeni analindwa sawa na Mthai ilimradi ni akaunti ya baht ya kawaida, siyo ile maalum ya wasio wakaazi, na siyo akaunti ya fedha za kigeni. Hilo la mwisho lishike, tutalirudia kwenye dola. Ukiwa na wasiwasi zaidi ya hapo kuna Benki ya Akiba ya Serikali, Wathai wanaiita Aomsin, ya toka 1913, yenyewe haimo kwenye huo wakala kwa sababu nyuma yake iko serikali.

Kwa hiyo benki kufilisika siyo kitu cha kukunyima usingizi. Kinachowaumiza wageni Thailand ni kingine kabisa: hela ipo, salio unaliona, ila huwezi kuigusa. Hapa naomba usome polepole.

Utapeli wa mtandaoni umekuwa janga kule na serikali imeanza kuzibana akaunti zinazopitishiwa hela za matapeli, wanaziita banchi ma. Kwa sheria ya dharura ya 2023 mtu anayeruhusu akaunti yake itumike hivo anaweza kufungwa mpaka miaka 3 au faini mpaka baht 300,000. Mwaka 2025 msako ukawa mkali zaidi, watu wengi wakiwemo wafanyabiashara wadogo wasio na kosa wakajikuta akaunti zimezuiwa kwa sababu tu hela iliyowaingilia ilitokea kwenye mnyororo wa matapeli. Na ndo hapa watu wetu wanapojiingiza bila kujua. Kuna ile biashara ya kubadilishana, mtu yuko Dar anamkabidhi ndugu yako shilingi af wewe huku unamrushia baht mtu wake, au unauza sarafu za kidijitali kwa mtu usiyemjua anakutumia baht kwa PromptPay, ule mfumo wa Thailand wa kurushiana hela kwa simu, bei inakuwa nzuri kuliko benki na inafanyika kwa dakika tano. Hela iliyoingia kwako unajuaje imetoka wapi? Hujui. Siku polisi wakiifuatilia wanakuta jina lako, akaunti inazuiwa pamoja na mshahara wako na akiba yako yote, na wewe ni mgeni, Kithai chenyewe cha kuombea maji, unaanza kwenda kituoni kujieleza. Kwa faida ya nini? Asilimia mbili. Nakuomba sana dada, akaunti inayopokea mshahara isipokee hela ya mtu yeyote usiyeweza kumueleza polisi ni nani na alikulipa nini. Na ikitokea umetapeliwa wewe mwenyewe, namba ya kupiga ni 1441, piga hapohapo usisubiri kesho.

Kuna na uzembe wa makaratasi. Pasipoti yako ikiisha ukapata mpya, namba inabadilika, nenda na zote mbili benki wakarekebishe. Kibali cha kazi kikihuishwa, peleka. Laini ya simu iwe imesajiliwa kwa jina lako mwenyewe manake toka 2025 wanataka jina la laini lifanane na jina la mwenye apu ya benki, na wengi wetu laini ya kwanza tulisajiliwa na rafiki au mwenye nyumba. Laini ikikaa bila salio ikafa ukiwa likizo Moro, namba ya siri ya muda haitafika na apu ndo basi tena. Na kutuma zaidi ya baht 50,000 kwa mara moja, au zaidi ya 200,000 kwa siku, apu inataka kukagua uso, kwa hiyo hakikisha tawi lilishakupiga picha ya uso kabla hujasafiri. Mambo madogo haya lakini ndo yanayomfanya mtu aanze kuomba nauli wakati ana hela benki.

Na kwa sababu hiyohiyo nashauri uwe na akaunti kwenye benki mbili za huko. Kinga ya amana huihitaji kwa kiasi chako, ila moja ikizuiwa au apu ikigoma, nyingine ina hela ya kula na nauli. Ya pili weka hata 40,000 tu, na uitumie mara mojamoja, akaunti ikilala muda mrefu na salio dogo benki nyingi zinaanza kuikata ada.

Sasa mgawanyo wenyewe. Matumizi yako ni kama 27,000 kwa mwezi. Wewe ni mgeni kwa kibali cha kazi, kazi ikiisha ruhusa ya kukaa nayo inaisha siku ya mwisho ya ajira, huna mwezi wa kujiuliza. Kwa hiyo akiba yako ya dharura iwe ya miezi minne na tiketi ya kurudi nyumbani juu yake, mi naweka baht 140,000, ndani ya hizo benki mbili, akaunti ya kawaida ya kuchomoa saa yoyote. Hii haipati riba ya maana na wala usiidai, kazi yake ni nyingine.

Kwenye 15,000 za kila mwezi kuna kitu Thailand wanacho ambacho wageni wengi hawakijui, akaunti ya muda isiyokatwa kodi, ukienda benki sema fak prajam plot phasi. Unachagua kiasi kimoja, kuanzia 1,000 mpaka 25,000 kwa mwezi, unaweka kiasi hichohicho kila mwezi kwa miezi 24, jumla isizidi 600,000, mtu mmoja akaunti moja tu kwenye mabenki yote. Riba yake huwa juu ya akaunti za kawaida za muda, na haikatwi kodi. Ukiruka zaidi ya miezi miwili unapoteza faida. Kwako wewe naona inakaa vizuri mno, miaka miwili ndo muda wako wa kujenga, na ile kulazimika kila mwezi inamsaidia mtu kutogusa hela. Matawi hayafanani kwa wageni, moja litakuambia haiwezekani na lingine la benki hiyohiyo litakufungulia, nenda kwenye lile tawi linalokulipa mshahara, beba pasipoti, kibali cha kazi na namba ya mlipakodi. Weka 8,000 humo, usiweke 15,000 yote, mwezi mbaya usikuvurugie.

Kodi ya riba kwa akaunti nyingine, kwa kifupi. Ya muda maalum wanakata asilimia 15 hapohapo, ya akaunti za akiba za kawaida hawakati kama riba yako yote ya mwaka haijazidi 20,000, wewe huwezi kufika huko. Kitaalamu ungeweza kudai sehemu ya ile 15 irudishwe, manake kwa mshahara wa 504,000 kwa mwaka, ukitoa 100,000 ya gharama za ajira na 60,000 yako binafsi na makato mengine, kipande chako cha juu kinatozwa asilimia 10, siyo 15. Unajaza fomu ya kodi ya mwaka, P.N.D. 90 badala ya 91, kabla ya mwisho wa Machi. Ila kwenye riba ya 3,800 utarudishiwa baht 190. Kama unajaza mwenyewe jaza, kama unamlipa mtu akujazie usijisumbue.

Sehemu nyingine muulize mhasibu wa shule yako kesho: umeandikishwa kwenye mfuko wa ustawi wa walimu wa shule binafsi? Kwa walimu wa shule binafsi mwalimu anakatwa asilimia 3, shule inaweka 3, na Wizara ya Elimu inaweka 6. Wageni wengi wanaliona hilo kato kwenye karatasi ya mshahara wanadhani ni kodi, wanaondoka Thailand bila kudai kitu. Sehemu yako unaidai ukiacha kazi, na za shule na wizara zina masharti ya miaka ya utumishi, mhasibu akusomee. Usipande ndege kabla hujaijaza hiyo fomu.

Haya, nyumbani. Shangazi yako hajakosea, kakosea neno moja tu, "zote". Hela ya kujenga Kibaha lazima iwe shilingi, na toka Machi 2025 kanuni zimekataza kabisa kuuza kiwanja au kitu chochote ndani ya nchi kwa dola, kwa hiyo hata muuzaji wa kiwanja akitaja dola unamlipa shilingi. Baht 240,000 zinazobaki ukitoa ile ya dharura, kwa makadirio ya shilingi 75 kwa baht ni kama milioni 18. Sasa hapa angalia, kinga ya Bodi ya Bima ya Amana kwa upande wetu ni shilingi milioni 7.5 kwa mtu kwa benki, toka 2023. Ukiweka milioni 18 kwenye akaunti moja, milioni 10 na nusu haina bima. Huku Chonburi ulikuwa na kinga yote, unaituma nyumbani inabaki chini ya nusu. Kwa hiyo igawe, au iende kwenye dhamana za Serikali ambako unaikopesha Serikali yenyewe.

Na hatifungani nazo siyo moja. Shangazi akisikia hatifungani anasikia ile ya miaka 20 au 25 yenye riba ya tarakimu mbili inayolipwa kila miezi sita, nzuri sana kwa mtu anayejiandalia uzee, ila wewe unataka kumwaga msingi baada ya miaka miwili. Ukiihitaji hela mapema itabidi uuze sokoni kwa bei ya siku hiyo, inaweza kuwa juu inaweza kuwa chini. Kwa lengo lako tafuta ya miaka 2, au zile za muda mfupi mpaka siku 364, unaanzia laki 5 kwa hizo fupi na milioni 1 kwa hatifungani, kupitia benki au dalali wa soko la hisa. Au mfuko wa ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya Serikali ya uwekezaji wa pamoja, ambao hela yako unaweza kuichomoa bila kusubiri iive. Za miaka 20 utaingia siku nyumba imeshaezekwa.

Lakini usitume zote 240,000 kwa mara moja, na sababu ni sarafu. Shilingi yetu ilikuwa karibu 2,300 kwa dola mwaka 2022, katikati ya 2024 ikawa 2,700 hivi, mwisho wa 2025 ikarudi mpaka karibu 2,450. Baht nayo ilikuwa kama 38 Oktoba 2022 na kufika mwisho wa 2025 ilikuwa karibu 32, yaani imepanda nguvu sana. Hamna anayejua mwaka kesho zinaelekea wapi, mimi sijui, wa benki hajui. Kwa hiyo tuma mafungu, tuseme 60,000 kila baada ya miezi mitatu minne, la kwanza likasubiri kiwanja kikaguliwe na hati ithibitishwe, la mwisho litoke wakati fundi anaingia saiti. Bei ikikukwaza fungu moja, lingine litakufidia. Na zikienda ziingie akaunti yenye jina lako, siyo ya kaka, siyo ya mjomba. Nawaheshimu ndugu zetu wote, ila hela ikiingia kwenye akaunti ya mtu inakutana na ada ya shule ya mtoto wake na msiba wa jirani, na wewe uko Chonburi huwezi hata kumlaumu.

Kutuma kupitia benki ya Thailand watakuomba kibali cha kazi, mkataba, na ile hati ya kodi ya mwaka, kwa Kithai wanaiita 50 thawi. Itunze kila mwaka. Ndo uthibitisho kwamba hela ni ya mshahara, huko na huku.

Dola. Mi kwako sioni haja kubwa. Mshahara wako baht, nyumba yako shilingi, ukipitia dola unabadilisha mara mbili na unakatwa mara mbili. Akaunti ya dola kwenye benki ya Thailand unaweza kufunguliwa lakini ndo ile niliyosema haimo kwenye kinga ya amana. Kama roho inakusumbua kuhusu shilingi kushuka, basi fungu moja kati ya hayo manne lipeleke kwenye akaunti ya dola ya diaspora kwenye benki ya nyumbani ulibadilishe siku ya kununua mabati. Fungu moja tu.

Dhahabu nayo, aliyekushauri hakutania, Wathai wenyewe akiba yao kubwa ni dhahabu, pita Yaowarat, mtaa wa Wachina wa Bangkok, uone maduka mekundu yalivyojaa. Bei inatangazwa na chama cha wauza dhahabu kwa siku nzima, kila duka linaifuata, na kuuza ni rahisi kuliko karibu nchi yoyote. Ila jua unachonunua. Dhahabu yao ni ya asilimia 96.5, na kipimo chao cha "baht" ni uzito, kipande cha mche ni gramu 15.244, cha urembo ni gramu 15.16. Mkufu unalipia na ufundi, na siku ya kuuza ule ufundi hawakurudishii. Kama ni akiba nunua mche, weka risiti, na uuze dukani ulikonunua. Bei imepanda sana 2024 na 2025 na hilo ndo linanitia wasiwasi, manake watu wanakimbilia kitu baada ya kuwa kimeshapanda. Kwa mtu mwenye tarehe ya kujenga, dhahabu isizidi sehemu moja ya kumi ya akiba, na chumba chenyewe cha kupanga una pa kuificha?

Yule mshauri wa nje, hapa sitazunguka. Usisaini. Bangkok kuna watu wanaowauzia wageni mipango ya kuweka hela kila mwezi kwa miaka 20 au 25, imesajiliwa visiwa huko, wanakuonyesha chati nzuri, na kamisheni yao wanaivuta mwanzoni kutoka kwenye hela yako ya miaka ya kwanza. Ukitaka kutoka mwaka wa tatu unakuta karibu hamna kitu. Na vingine vilianguka kabisa, mifuko ya kampuni ya LM ya Australia ilianguka 2013, na ilikuwa imeuzwa sana kwa wageni wanaoishi Asia, Thailand ikiwemo, wastaafu wakapoteza hela za maisha. Mtu yeyote anayekuuzia uwekezaji Thailand lazima awe na leseni ya mamlaka ya mitaji ya huko, wana apu inaitwa SEC Check First, andika jina lake na la kampuni. Asipokuwepo, mazungumzo yameisha, hata kama ni rafiki wa rafiki. Wewe mkataba wako wa kazi ni wa mwaka mmojammoja, unasainije mpango wa miaka 25?

Kuna swali hukuuliza ila linakuhusu. Ukikaa Thailand siku 180 au zaidi kwa mwaka wewe ni mkaazi wa kikodi, na toka 1 Januari 2024 mapato yako ya nje ukiyaingiza Thailand yanatozwa kodi mwaka unaoyaingiza, bila kujali uliyapata mwaka gani, isipokuwa yale ya kabla ya tarehe hiyo. Mshahara wako wa Chonburi hauhusiki, huo umeshakatwa. Ila riba ya hatifungani au kodi ya nyumba ukishajenga, ukiileta huku ni mapato, na Tanzania na Thailand hazina mkataba wa kuzuia kutozwa mara mbili. Kwa hiyo hela ikishaenda nyumbani ifanye kazi nyumbani, usiirudishe. Hii ndo sababu nyingine ya ile 140,000 kuwa kubwa kuliko wengine wanavyoshauri, sitaki ufike mahali pa kuvuta hela kutoka Dar.

Na la mwisho hili linaogopwa kusemwa. Akaunti ya kawaida ya benki Thailand haina mahali pa kuandika mrithi kama tulivyozoea nyumbani. Mtu akifariki akaunti inasimama mpaka mahakama ya Thailand imteue msimamizi wa mirathi, na familia yako ipo Tanzania, haijui Kithai, haijui hata benki yako ni ipi. Andika wosia wa mali za Thailand peke yake, mwanasheria wa pale Chonburi atakuandalia kwa Kithai na Kiingereza, mtaje msimamizi anayeishi hukohuko na ukubaliane naye kabisa. Af mtu mmoja nyumbani unayemuamini awe na karatasi yenye majina ya benki zako zote mbili na nakala ya wosia. Namba za siri usimpe.

Ukiamua kubaki Thailand baada ya huu mkataba niandikie tena, manake mgawanyo utabadilika: mafungu ya nyumbani yatasimama baada ya boma kufika linta, na ule mpango wa miezi 24 ukiisha utafungua mwingine.